Viraka vya mjomba

Nilipofika Ijumaa jioni kwenye yadi tunapokutana kujitengenezea magari yetu ya zamani, sikuliegesha langu pamoja na mengine. Nililipeleka nyuma ya migrivilea, karibu na choo, mahali ambapo mtu hafiki ila akiwa na shida. Yadi ile iko upande wa Ngaramtoni, mlima Meru umekaa mgongoni kwake, na wikiendi ile ya Sabasaba ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Baridi ya Julai ya Arusha wanaoijua wanaijua. Magari manane yalikuwa yamepangwa kuzunguka moto: Land Rover nne, Land Cruiser mbili za zile za zamani zenye uso wa mraba, Nissan Patrol moja, na Suzuki SJ410 ndogo ya dada mmoja muuguzi kutoka Karatu. Mwenyewe alikuwa tayari yuko chini yake, tochi mdomoni, miguu tu ndiyo inaonekana.

Gari langu ni Land Rover 109, Series III, ya petroli. Nasema langu, lakini ni la mjomba. Alinikabidhi miaka miwili iliyopita, magoti yake yalipoikataa klachi. Kwa zaidi ya miaka ishirini lilikuwa likipandisha watu na kushusha tangawizi kati ya Same na Mamba, kule juu milimani Upareni. Mpaka leo mvua ikinyesha na turubai likiloa, harufu ya tangawizi inaamka humo ndani kana kwamba gunia limewekwa jana.

Sikulificha kwa sababu ni kuukuu. Pale hakuna jipya. Nililificha kwa sababu ya viraka. Mlango wa kushoto unafungwa kwa komeo la dirisha la nyumba. Sakafu upande wa abiria ni bati la kuezekea lililopigwa ribiti. Bomba la ekzosi limening'inizwa kwa waya wa uzio. Ukifungua boneti unakutana na mipira, nyuzi, na vipande vya ngozi ambavyo sikujua vinafanya kazi gani, nami sikuwahi kuvigusa kwa kuogopa kwamba kimoja kikitoka vyote vitafuata. Wenzangu wawili watatu pale nilikuwa nimewaona mjini na magari yao yamepakwa rangi upya, kijani kile cha kiwandani. Tangu lile tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, watu wameanza kuona kumbe hivi vyuma vinaweza kupigiwa picha.

Sisi si chama. Hatuna mwenyekiti wala kadi. Kuna mwenye yadi, kuna sufuria, na kuna sharti moja: hakuna anayekutengenezea gari. Utaonyeshwa, utashikiwa tochi, utaazimwa spana, utachekwa, lakini mikono itakayochafuka ni yako. Mimi, nakiri, nilikwenda nikidhani sharti hilo ni maneno ya kukaribishana tu.

Nilikuwa na lalamiko moja. Kila nikiachia klachi gari linagonga chini, "ko!", na nikiondoa mguu kwenye mafuta linagonga tena. Fundi mmoja mjini alikuwa ameniambia bila hata kuinama kwamba ni difu, ile seti ya gia kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu, ninunue nzima, tena akanitajia bei inayokaribia ng'ombe watatu. Nilikuwa nimeanza kuziweka hizo pesa.

Jumamosi asubuhi, kabla wengine hawajamaliza chai, nikaamua kuonyesha kwamba nami si mgeni wa spana. Nikalitoa gari mafichoni, nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikapiga jeki chini ya ekseli ya nyuma upande wa kulia, gurudumu likapanda. Nikafungua nati, nikalitoa, nikalilaza pembeni. Nikachutama. Kisha nikageuka kuchukua tochi niliyokuwa nimeiacha kwenye nyasi.

Sikusikia kitu kikianza. Nilisikia kikimalizika. Gari lilisogea mbele kama hatua moja, jeki ikalala, na ngoma ya breki ikatua ardhini pale pale nilipokuwa nimeweka mkono wangu nusu dakika nyuma. Vikombe vikanyamaza kote yadini.

Mzee ndiye aliyefika wa kwanza. Wote tunamwita hivyo, Mzee. Ameshika magari ya serikali tangu enzi ambazo wengi wetu hatujazaliwa, na sasa anakuja kwa ajili ya chai ya rangi na mazungumzo. Sikupata karipio. Alinishika vidole vyangu kimoja kimoja, kama anayehesabu chenji, halafu akauliza: "Breki ya mkono ulivuta?"

"Nimevuta, Mzee."

"Inashika wapi?"

Nikajibu kama ambavyo mtu yeyote angejibu, magurudumu ya nyuma. Akacheka kidogo, si kwa furaha. Akanilaza chini ya gari jingine anionyeshe. Kwenye Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu hata moja. Iko nyuma ya giaboksi, ngoma moja tu, inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Propela ikishikwa, difu bado ina ruhusa yake: gurudumu lililo hewani linazunguka kurudi nyuma na lililo ardhini linakwenda mbele, kwa raha zao. Maana yake ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, breki ya mkono umeifuta mwenyewe. Miaka miwili naendesha gari hili na nimeliegesha kwenye miteremko yote ya Sakina, sijui jambo hilo.

Basi nikarudia kazi yote mbele ya watu, kama mtoto aliyerudishwa darasa. Mawe kwanza, mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Gia nyekundu ivutwe, ile inayoingiza gia nzito, kwa sababu ikiingia, ekseli ya mbele nayo inaunganishwa, hivyo ile breki inakuwa na kitu cha kushika. Stendi ya chuma chini ya ekseli, si jeki peke yake. Ndipo mtu afungue. Yule kijana wa Patrol alisema kwa sauti ya pembeni kwamba Wanissan hawana matatizo haya, akaambiwa aongeze kuni.

Baada ya hapo Mzee hakuniacha tena. Alikamata propela ya nyuma kwa mikono miwili akaizungusha kushoto na kulia. "Ko," ikasema. Akaniambia nishike mimi. Kwenye maungio, pale penye krosi, kile chuma cha umbo la msalaba kinachounganisha propela, kulikuwa na mchezo unaoonekana kwa macho. Difu yenyewe, upande wa pili wa maungio hayo, ilikuwa imetulia kama mzee kanisani.

Kufungua zile bolti nne za propela ndiko kulikokula asubuhi. Nilikuwa na boksi zuri la spana, nimelinunua kwa kujivunia, zote za milimita. Namba 14 haikuingia. Namba 15 iliingia, ikashika kidogo, ikateleza, ikaanza kula kona za nati. Dada muuguzi akaniondoa mkono. "Kaka, hizi ni za inchi." Nati ile ni ya tisa juu ya kumi na sita, ambayo ukiipima ni milimita 14 na robo na zaidi kidogo. Inakaa katikati ya spana zangu mbili kama mtu anayekataa vyama vyote. Gari lake yeye ni la Kijapani, spana za inchi hana haja nazo, lakini alikuwa nazo seti mbili kwa sababu, alisema, kila anapopita njia ya Ngorongoro anakuta Land Rover imesimama na mwenyewe ameshika spana ya milimita.

Krosi ilipotoka tuliiona. Grisi haikuwepo tena. Ndani ya vikombe, vile visindano vidogo vya chuma vilikuwa vimesagika kuwa vumbi jekundu. Tuliingiza mpya kwa jiliwa na nyundo na uvumilivu mwingi. Kwa bei ya ile difu ningenunua krosi za kutosha kumwachia urithi mwanangu.

Wakati nimelala chini pale ndipo Mzee alipoanza kulisoma gari. Sijui niite nini kingine. Alichukua nyundo ndogo akapita akigonga chesisi kuanzia mbele kwenda nyuma, sikio limeinama. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haioti kutu ile ya kula chuma. Gari la kwanza lilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, aluminiamu ndiyo iliyopatikana. Ndiyo maana watu wanaangalia bodi, wanaona imesimama, wanasifu. Lakini chesisi ni chuma, tena kimefungwa kama boksi. Tope likiingia ndani linakaa humo likila polepole. Penye uzima nyundo inalia kama kengele. Penye kutu inajibu "pu", kama papai lililoiva. Langu lilijibu "pu" mahali pamoja tu, nyuma kabisa, penye kishikizo cha springi.

Kisha akaja kwenye viraka. Nilianza kujitetea kabla hajauliza: mjomba alikuwa mbahili, mjomba hakusoma, nitavitoa vyote. Mzee akaninyamazisha kwa mkono.

"Huyu hapa alikuwa njiani," akasema, akigusa waya wa ekzosi. "Usiku. Ona amezungusha mara nyingi bila mpango, alikuwa haoni." Akasogea. "Hapa alikuwa nyumbani, ametulia." Ilikuwa maunting ya giaboksi, ule mpira unaoibeba, upande wa kulia: badala ya ile ya kiwandani kulikuwa na vipande vitatu vya tairi la lori, vimekatwa sawasawa, vimetobolewa kwa chuma cha moto, nyuzi za tairi zimelazwa kwa kupishana ili mpira usipasuke. Akaifinya, akaichungulia kwa tochi. "Hii usiiguse. Hii itakuzika wewe."

Nikaona haya, lakini za aina nyingine.

Alipofika mbele, ndani ya gurudumu la kushoto, alinyamaza muda mrefu. Akaniita. Lile bomba jembamba la breki linalokwenda kwenye mpira wa gurudumu lilikuwa limepondwa. Halikupondeka kwa ajali. Lilikunjwa na kugongwa, jiwe juu ya jiwe, mpaka likawa bapa kama ulimi. Gurudumu la mbele kushoto halikuwa na breki. Halikuwa nayo kabisa.

"Gari linavuta kulia ukikanyaga?" Mzee akauliza.

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikakumbuka mikono yangu. Kila nikikanyaga breki mikono inakata usukani kushoto kidogo, yenyewe, bila kuiambia. Nilidhani ndivyo gari lilivyo. Sikuliandika kwenye malalamiko kwa sababu halikuwa limenisumbua tangu wiki ya kwanza.

Usiku ule, baada ya loshoro na maziwa mgando, nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Gari linaendaje?"

Nikamweleza kuhusu bomba. Upande wa pili kukawa kimya, halafu nikasikia akicheka kicheko cha mtu aliyekumbuka deni. Alikuwa anashuka kutoka Mamba, akasema, gari limejaa, watu na magunia. Silinda ya breki ya mbele ikaanza kuvuja. Gari hili lina mfumo mmoja tu wa breki: sehemu moja ikivuja, mafuta yote yanaondoka na magurudumu yote manne yanabaki bila kitu. Akasimamisha, akashusha watu, akaponda bomba lile, akajaza mafuta ya breki yaliyobaki, akateremka na breki za magurudumu matatu. "Nilisema nitaifungua nikifika Same. Nikafika usiku. Asubuhi kulikuwa na abiria."

"Mwaka gani huo, mjomba?"

"Wewe ulikuwa hujaanza sekondari."

Nilipowasimulia wenzangu pale motoni, nilitegemea wacheke, na walicheka. Mzee alikuwa anakoroga chai. Alisema alipoponda lile bomba mjomba alikuwa fundi kuliko sisi wote tuliokaa hapa. Wako watu wazima leo wanalima tangawizi kwa sababu yake. Kosa lilikuwa ile asubuhi ya abiria. Kisha akaniambia kuhusu rangi. Yeye ana kopo dogo la rangi nyekundu kwenye sanduku lake la spana, na kila anapofanya jambo la njiani, la kufikia tu, analipaka tone. Halijalishi ni zuri au baya. Ukifungua boneti mwezi ujao, au akifungua mwingine asiyekujua, jekundu linamwambia: hapa kuna mtu alikuwa na haraka.

Jumapili ilikuwa ya breki. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina silinda mbili ndogo, na nne zote tulizibadilisha, pamoja na bomba jipya ambalo mwenye yadi alilikata na kulitengeneza midomo. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kulichukua muda kuliko kazi zote. Unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu ya breki, kwetu huku wa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kushoto, unamaliza mbele kulia. Mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini na kichupa. "Kanyaga! Shikilia! Funga! Achia!" Mara arobaini, hamsini. Dada muuguzi alikuwa chini na mimi juu, na kila nilipoachia mguu kabla hajasema "funga", hewa ikanyonywa ndani na tukarudi mwanzo. Alinivumilia mara tatu. Ya nne aliniambia kwa upole wa wodini kwamba kama mguu wangu hausikii, tumwite mwenye mguu unaosikia.

Mchana Mzee akanipa tapeti za kurekebisha, yaani nafasi za valvu za injini, nadhani kama zawadi. Nafasi ni sehemu kumi za elfu moja za inchi, kumi tu, kwa valvu zote nane, injini iwe ya moto au ya baridi. Sikujua nianze wapi, kwa sababu valvu unayoipima lazima iwe imefunga kabisa. "Jumla ni tisa," akasema akaondoka. Nilikaa na hilo neno kama kitendawili mpaka nikaona: valvu ya nane ikiwa imefunguka mwisho, pima ya kwanza. Ya sita ikifunguka, pima ya tatu. Ya nne, pima ya tano. Unazungusha injini kwa mkono, unahesabu, kila mara ile iliyofunguka na ile unayopima zikijumlishwa ni tisa. Sikumbuki lini mara ya mwisho hesabu ya kujumlisha ilinifurahisha hivyo.

Mmoja wetu alikuwa amekuja kutoka Longido kwa miguu ya mbele peke yake, hafshafti ya nyuma, ile inayozungusha gurudumu, imekatika. Alivuta vipande, akabonyeza kitufe cha njano cha kuingiza ekseli ya mbele, akaja zake. Ningependa kusimulia zaidi juu yake, lakini alikuwa mtu wa maneno machache na gari lake lilikuwa tayari kabla ya chakula.

Jioni nikalijaribu kwenye barabara ya vumbi. Lile "ko" halikuwepo. Injini ilitulia kiasi kwamba nilisikia komeo la mlango likicheza. Nikafika mwendo wa kutosha, nikakanyaga breki, na gari likaenda mtaroni upande wa kushoto.

Halikuingia lote. Gurudumu moja tu. Breki zilikuwa zimenyooka kama mstari. Mikono yangu ndiyo iliyokata kushoto, kama ilivyokuwa imefanya kwa miaka miwili. Mzee alikuwa kiti cha pembeni. Akatoa kopo kwenye koti, akachovya kidole, akanipaka tone jekundu mgongoni mwa mkono. Hakusema kitu. Tukarudi nyuma, tukatoka.

Viraka sikuvitoa vyote. Tulikaa na tochi tukavipitia: waya wa ekzosi ukaondoka, bati la sakafu likabaki, maunting ya tairi ikabaki bila rangi yoyote kwa sababu Mzee alikataa kuita ile kazi ya njiani. Komeo la dirisha nililibakiza kwa hiari yangu. Nilihesabu matone manane mekundu, nikaridhika kwamba sasa ninalijua gari.

Usiku huo nikampigia mjomba kumpa habari. Akafurahi kuhusu breki, akauliza kuhusu tapeti, akataka kujua kama Mzee ameoa. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa tayari mlangoni:

"Na ile sabuni mmeiacha?"

"Sabuni gani, mjomba?"

"Chini ya tangi la petroli. Lilitoboka kwa jiwe, nikaziba kwa sabuni ya mche. Petroli haiyeyushi sabuni, unajua."

"Lini?"

Akafikiri. "Ilikuwa Elnino."

Elnino ni zile mvua za mwaka 1997 kuingia 1998. Nikakata simu, nikaomba kopo la Mzee, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikaingia chini na tochi.